Kuadhimisha si Kuazimisha

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wazazi, uliotolewa Mwanga katika wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani



Nimekuja na kitenzi kimoja tu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kando ya barabara kuu iendayo Moshi nikasoma bango la kitambaa lililofungwa baina ya nguzo mbili. Herufi zake zilikuwa kubwa, nyekundu, zimepangwa kwa ustadi, na zilisema kwamba waliolitundika walikuwa “wanaazimisha” sikukuu ya Uhuru. Sitasema bango lilikuwa la nani, kwa sababu kosa lile halikuwa la fundi wa rangi peke yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikiandama kitenzi hiki kila ninapokikuta. Nimekiona kikiandikwa kuazimisha, kuathimisha, kuhadhimisha, kuadhimsha. Nimeona maazimisho na madhimisho. Nimeviona hivi kwenye kadi za mwaliko, kwenye fulana na kofia, kwenye barua zenye mhuri, kwenye ujumbe wa simu, na mara nyingine ubaoni, mbele ya watoto waliokuwa wakinakili kwa utii.

Tafadhali msidhani nimepanda jukwaani kuhesabu makosa ya wenzangu. Nimechagua kitenzi hiki kwa sababu ya kazi tuliyokipa. Kila tarehe 12 Januari tunapoyakumbuka Mapinduzi, kila 26 Aprili kwa Muungano, Mei Mosi kwa wafanyakazi, Saba Saba, Nane Nane, 14 Oktoba kwa Mwalimu Nyerere na 9 Desemba kwa Uhuru, neno linalotangulia mbele ya yote ni hili. Hata mkutano wetu wa leo unalitegemea: mwezi Novemba 2021 UNESCO iliamua kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu mwaka uliofuata dunia imekuwa ikii… tamkeni pamoja nami: ikiiadhimisha.

Kuadhimisha. Hebu tulifungue neno hili tuone lina nini ndani.

Maana yake

Mkichukua kivumishi safi mkakiongezea kiambishi kinachofanya kitu kiwe hivyo, mnapata safisha: fanya kiwe safi. Rahisi inatoa rahisisha. Fupi inatoa fupisha. Kwa njia hiyohiyo adhimu inatoa adhimisha: fanya kitu kiwe adhimu, au, kwa usahihi zaidi, kitendee kama kitu adhimu.

Na adhimu ni nini? Ni kitu kikubwa kwa hadhi na thamani, hata kama kwa umbo ni kidogo. Mnasikia watu wakisema “nimepata fursa adhimu”. Hawasemi fursa hiyo ina kilo nyingi. Wanasema ina uzito moyoni. Jina lake ni adhama, yaani utukufu, ukuu unaomfanya mtu ainamishe kichwa. Wakatoliki wa Jimbo la Same na wa nchi nzima wanapomtaja kadinali humwita Mwadhama, na cheo hicho kimetoka kwenye adhama hiyohiyo. Tanzania ilikuwa na Mwadhama wake mapema, kwani Laurean Rugambwa alifanywa kadinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika katika zama hizi. Kanisani pia padre haendeshi Misa kama mtu aendeshaye mkutano. Huiadhimisha. Na Waislamu wanapoinama katika rukuu, humsabihi Mola wao kwa jina la Al-Adhim, Aliye Mkuu. Mwenye kuinama altareni na mwenye kuinama msikitini kule milimani Usangi wanakutana katika neno moja.

Kwa hiyo, mtu akisema “tunaadhimisha”, ameahidi jambo zito. Amesema: siku hii ingeweza kupita kama siku nyingine, lakini sisi tunaisimamisha, tunaipa ukuu inaostahili.

Hapa ndipo matumizi yanapohitaji uangalifu. Adhimisha si sherehekea. Sherehe ina furaha, ina ngoma, ina pilau. Maadhimisho yanaweza kuwa na hayo yote, na yanaweza kuwa na machozi. Tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, na chimbuko la siku hiyo ni damu ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976, wakipinga kufundishwa kwa lugha waliyolazimishwa. Nani atasema anasherehekea damu? Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. Siku kama hiyo huadhimishwa kwa sala na ukimya, na haina sherehe. Mwandishi akiandika kwamba watu “walisherehekea” kumbukumbu ya msiba huo, hajakosea herufi hata moja, lakini amewaumiza wafiwa.

Adhimisha si enzi pia. Kumuenzi mtu ni kuyashika mema yake na kuyaendeleza. Tunamuenzi Mwalimu Nyerere tunapokataa rushwa hata mwezi Machi, mahali ambapo hapana kamera wala jukwaa. Tunaiadhimisha siku yake kila 14 Oktoba. Mtu huenziwa, siku na tukio huadhimishwa. Ukisikia “tunamuadhimisha marehemu”, jua neno limewekwa mahali pasipo pake. Na kukumbuka ndiyo shina la yote, maana usichokikumbuka huwezi kukienzi wala kukiadhimisha.

Asili yake

Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu, likapita pwani kabla ya kupanda milimani. Kwa Kiarabu lina herufi tatu za msingi: ain, dhaa na mim. Kutoka herufi hizo hupatikana neno la ukuu, na kutoka herufi hizohizo hupatikana neno la mfupa. Nimelitafakari jambo hilo muda mrefu. Nyama huisha, ngozi huisha, mfupa hubaki. Anayeliadhimisha jambo ni kama analitia mfupa ili lisimame baada yetu.

Sasa sikilizeni neno la pili. Kuna mzizi mwingine wa Kiarabu, jirani yake kwa sauti, wenye ain, zai na mim. Huo unahusu nia thabiti. Kwetu umetupa azma, azimia na azimio. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, ikakubaliana juu ya Ujamaa na Kujitegemea, uamuzi wake uliotangazwa tarehe 5 Februari uliitwa Azimio la Arusha. Azimio, kwa z, kwa sababu watu walikuwa wamekata shauri. Kisha, miaka ilipopita, watu wakakutana kuadhimisha Azimio hilo, kwa dh, kwa sababu walikuwa wakilipa heshima. Wanangu, andikeni madaftarini: kuadhimisha Azimio la Arusha. Sentensi hiyo ikikaa kichwani, hamtachanganya tena.

Na kuna neno la tatu ambalo ndilo linalolifanya kosa letu liwe na madhara. Kuazima ni kuchukua kitu cha mwenzako kwa ahadi ya kukirudisha. Umeazima jembe, umeazima kitabu. Kuazimisha ni kumpa mwenzako kitu kwa muda. Basi lirudieni bango lile la barabarani. Lilikuwa limeandikwa Kiswahili kisichokosea hata kidogo, ila lilisema kwamba watu wale wanautoa Uhuru wao kwa muda, na siku moja watakwenda kuudai. Fundi wa rangi hakukusudia hayo. Lakini neno likishaandikwa, linasema lilichoandikiwa, na si lililokuwa moyoni mwa mwandishi.

Sauti yake

Kwa nini tunateleza hapa? Jibu liko mdomoni.

Kiarabu kina herufi tatu tofauti ambazo Kiswahili kimezipokea zote kwa sauti moja ya dh. Mojawapo imetupa dhahabu na dhambi, nyingine imetupa ardhi na Ramadhani, na ya tatu imetupa adhuhuri, dhuluma na adhama. Waswahili wa mwambao wamekuwa na sauti hiyo vinywani kwa karne nyingi. Wajumbe walipokutana Mombasa mwaka 1928 wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, dh iliingia katika tahajia ya Afrika Mashariki yote. Kwa mtoto wa Malindi kule Unguja lilikuwa jambo la nyumbani. Kwa mtoto wa bara, ambaye mara nyingi lugha ya mama yake haina sauti hiyo, lilikuwa jambo la kujifunza.

Nasi wa milima hii ya Upare tuna hadithi yetu. Jina lenyewe la lugha yetu ya Kipare halikubaliani na mwandiko mmoja. Wengine huandika Chasu, wengine Chathu. Mmisionari Ernst Kotz alipochapisha sarufi ya lugha hii huko Berlin mwaka 1909, aliandika Chasu kwa s. Ukikutana na mzee akijitaja, huenda ukasikia th. Hakuna aliyekosea: ni ulimi mmoja unaosogea kidogo mbele au nyuma ya meno. Watu ambao ulimi wao umezoea kusogea hivyo katika jina lao wenyewe wana kila sababu ya kuelewa kwamba kati ya z na dh pana mwendo mdogo sana wa ulimi na umbali mkubwa sana wa maana.

Tena tusijione maskini wa sauti. Wako Waswahili wengi wa bara wanaohangaika na gh, wakisema gali badala ya ghali, na garama badala ya gharama. Mtoto wa Shighatini au wa Kighare hahangaiki: gh imo katika jina la kijiji chake. Kinachosikitisha ni kwamba hata majina hayo tunayaandika mara kwa mara bila h, kana kwamba tunaionea haya sauti tuliyozaliwa nayo.

Mimi nilifundishwa dh na mwalimu wangu wa darasa la tano, asubuhi moja ambayo ukungu ulikuwa bado umefunika mlima. Alitupanga mstari nje ya darasa akasema, “Nataka niuone ulimi.” Kila mmoja alitamka neno moja mbele yake. Ukitamka dh, ncha ya ulimi hutokeza kati ya meno ya juu na ya chini. Ukitamka z, hujificha ndani. Kisha akatwambia tuweke kiganja kooni: kwa dh koo linatetemeka, kwa th halitetemeki. Hakutucheka hata mmoja. Alitupa jozi za maneno, akatuuliza tofauti zake. Dhana ni wazo, zana ni jembe na panga. Kadhi ni hakimu, kazi ni kazi. Thamani ni ubora wa kitu, samani ni viti na meza. Tulirudi darasani tumejua kwamba sauti moja inaweza kumgeuza hakimu kuwa kibarua.

Walimu wenzangu, njia hiyo haihitaji mashine wala bajeti. Inahitaji mwalimu atakayesimama karibu na mtoto kiasi cha kuuona ulimi wake.

Naomba hapa nieleweke vizuri. Sisemi tuache lafudhi ya kwetu. Mzee wa Kisangara akisema “tunaazimisha” kwenye baraza, mkae kimya mmsikilize, maana mnamwelewa, na sauti yake ni haki yake. Nazungumzia maandishi. Lafudhi huishi pale msemaji alipo. Andiko husafiri bila mwandishi, likafika Lamu, Bukavu na Maskati, na huko hakuna wa kulielezea. Ndiyo maana tukawa na tahajia moja, na ndiyo maana BAKITA ikaanzishwa mwaka 1967 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Siku mkiwa na shaka, fungueni kamusi. Mtamkuta adhimisha akiishi na majirani wa kila namna: adhibu anayetesa, adhini anayeita watu kwenye sala, adhiri anayefedhehesha. Wote kwa dh. Baada ya kuwaona pamoja mara moja, ni vigumu kuwasahau.

Mwandiko wake

Niseme machache juu ya a mbili, maana huko nako tunapoteza wengi. Kitenzi kinaanza na a. Kiambishi cha wakati na- kinaishia na a. Zikikutana zote huandikwa: tunaadhimisha, wanaadhimisha, inaadhimishwa. Ukiandika “tunadhimisha” umemeza a moja. Lakini tuliadhimisha na tumeadhimisha zina a moja tu mahali hapo, kwa kuwa li- na me- hazina a. Katika jina, ma- hukutana na adhimisho: maadhimisho. H haimo mwanzoni mwa neno hili. Na -isha haipotezi i yake: adhimisha, kamwe si adhimsha.

Hayo yanatosha. Kanuni zake ni fupi, na mwanafunzi makini huzimaliza kwa kipindi kimoja.

Tunachopaswa kukiadhimisha

Nimebakiza jambo lililonileta hasa.

Tunazo siku nyingi za taifa, na tunazijua. Je, milima hii ina jambo lake la kuadhimisha? Ninalo moja. Katika miaka ya vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni na watawala waliokuwa chini yake walileta Upare kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu. Waliipa jina la zamani lililotumika milimani humu, mbiru. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali zao, mmoja azidishiwe na mwingine apunguziwe kwa namna wasiyoielewa. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa pale. Waliacha mashamba, wakala chakula walicholetewa kutoka nyumbani, wakangoja jibu. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi, waliobaki na mizigo yote ya nyumba, nao walijitokeza kwa mamia kumkabili ofisa wa serikali, wakitaka ugomvi umalizwe na waume zao warudi. Mwishowe kodi ile ya makadirio iliondolewa.

Tunayajua haya kwa sababu mtoto wa milima hii, Profesa Isaria Kimambo, aliyapa mfupa. Mwaka 1969 alichapisha historia ya kisiasa ya Wapare, na mwaka 1971 akatoa kitabu kidogo kuhusu Mbiru. Angeliacha, jambo lile lingebaki maneno ya jikoni, kisha lingenyamaza.

Tazameni jinsi maneno yetu mawili yanavyokutana hapa. Watu wa mwaka 1945 waliazimia. Hiyo ni z. Walikata shauri, wakakaa chini, wasisogee. Azma ilikuwa yao na hatuwezi kuwasaidia tena katika hiyo. Kilichobaki juu yetu ni dh. Kuadhimisha ni zamu yetu, na hatuwezi kuifanya vizuri iwapo hata jina la kazi yenyewe hatujui kuliandika.

Wengine wataniuliza: herufi mbili zina uzito gani mbele ya jambo kubwa namna hiyo? Nami najibu kwamba heshima huonekana katika mambo madogo tunayoyafanya kwa uangalifu. Anayeosha kaburi la babu yake haachi pembe moja na vumbi kwa sababu eti pembe ni ndogo. Anayeandika kadi ya maadhimisho kwa heshima ya watu waliovumilia jua la Same ana deni la kuandika neno lao sawasawa.

Basi nawapa kazi, wanangu, na walimu wenu wawasimamie. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1945 sasa ana miaka tisini hivi, na wenzake wanapungua kila msimu wa mvua. Wiki hii kila mmoja amtafute bibi au babu, wa kwao au wa jirani, amsalimie kama inavyopasa, akae chini, amuulize alisikia nini kuhusu Mbiru. Nani alishuka Same? Nani alibaki na ng’ombe? Chakula kilipelekwa na nani? Mwacheni aseme kwa Chasu au Kigweno, akipenda, kwa lafudhi yake yote. Ninyi andikeni kwa Kiswahili Sanifu, ukurasa mmoja mmoja, pamoja na jina la kijiji likiwa na h yake kama inayo. Kisha kurasa zote zikusanywe na kushonwa kwa uzi ziwe kitabu kimoja, kikae kwenye kabati la shule.

Juu ya jalada mtaandika kwa mkono wenu: Tunaadhimisha. Hesabuni: a mbili baada ya n, kisha dh. Kabla ya kuandika, litamkeni mbele ya mwalimu, naye auone ulimi.